Nilimpeleka mama Dubai mwezi wa saba: hoteli nyota 4, maji ya bomba yanachemka

Haya, niliahidi nikitulia ntaandika, sasa nimetulia, mzigo umeshatoka bandarini na mama amesharudi kwake Tanga, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma maana ni ndefu.

Mimi Dubai naenda kikazi. Nanunua mabaibui, udi, manukato na vikorokoro vya ndani naleta Kariakoo, na miaka yote hiyo habari za hoteli sijawahi kuziwaza, nikifika nalala chumba cha kushea pale mtaa wa Naif, wanawake wanne vitanda vya juu na chini, mizigo imejaa mpaka mlangoni, ukitaka kugeuka unaomba ruhusa. Nalala masaa matano naamka narudi sokoni. Ila safari hii mama akasema na yeye anataka kuiona hiyo Dubai inayonikondesha kabla hajafa (ana miaka 69 na anatembea sokoni kila siku, habari za kufa ni silaha yake tu), na mama huwezi kumlaza kitanda cha juu. Magoti yanamsumbua, ana sukari, anachoma insulini. Nikasema basi safari hii tunakaa kama watu. Nikatafuta hoteli ya nyota 4 mtaa wa Al Rigga, Deira, upande wa Dubai ya zamani, dirham 230 kwa usiku, chumba cha vitanda viwili, nikalipia siku 4 kabisa. Dirham moja piga kama shilingi 700, zidisha mwenyewe uumie.

Jina la hoteli silitaji, msinisumbue. Na kusema kweli jina halitakusaidia, maana mambo yaliyonikuta pale yanaweza kukukuta kwenye hoteli hamsini za Deira, cha maana ujue unauliza nini kabla hujatoa hela.

Bei ilikuwa ndogo kwa sababu ya msimu. Mwezi wa saba na wa nane ndo joto lao lenyewe, watalii wanakimbia, hoteli zinabaki tupu zinashusha bei. Ukienda mwezi wa kumi na mbili chumba hichohicho utakilipia pesa ya kueleweka. Sisi wafanyabiashara hatuchagui, tunafuata mzigo, lakini kama unaenda kutembea na una mzee au mtoto, nenda kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3, usinisikilize mimi na bei zangu rahisi.

Tukatua alfajiri. Mle ndani ya eapoti ni baridi, mama kajifunga khanga mbili, milango ikafunguka tu kutoka nje miwani yake ikaingia ukungu yote, haoni kitu, kasimama palepale katikati ya njia watu wanamkwepa na matoroli. Saa kumi na moja alfajiri, jua hata halijatoka! Akasema, "Mwanangu, hapa jirani kuna tanuri la mikate?" Nikamwambia mama ndo hewa hii. Akafuta miwani na ncha ya khanga, akavaa, ikaingia ukungu tena.

Sasa kosa la kwanza lilikuwa langu. Hoteli nyingi chumba unakabidhiwa saa nane mchana, wengine saa tisa, na mimi kwenye karatasi nilikuwa nimeona "2 PM" wala sikuitilia maanani, nimezoea Naif ambako unafika saa yoyote unapiga simu unafunguliwa mlango. Risepsheni wakatuambia chumba hakipo mpaka saa nane, au tulipe nusu siku tuingie saa hiyo. Nikagoma kulipa kwa ubishi wangu. Tukakaa lobi masaa manne, mama kasinzia kwenye sofa ya ngozi, AC inampiga utosini, miguu imevimba. Saa tatu na nusu nikalipa. Yaani nimelipa na nimeshakaa lobi, hasara juu ya hasara. Kama ndege yako inatua usiku au alfajiri lipia usiku ule wa kuamkia siku yako, au waandikie mapema uombe kuingia mapema wakujibu kwa maandishi, kiangazi hoteli zipo tupu wengi wanakubali bure ukiwaomba vizuri siku mbili tatu kabla. Ukiwaomba umesimama kaunta na masanduku wanakuona umeshanasa.

Na hapohapo kaunta kuna hela zingine ambazo kwenye ile bei ya mtandaoni mara nyingi hazimo. Kuna ile ya serikali wanaiita Tourism Dirham, ipo tangu 2014, inaenda kwa chumba kwa usiku, hoteli ya nyota 4 ni dirham 15, ya nyota 5 ni 20, za chini kuanzia 7. Hiyo ni halali, usigombane na mtoto wa watu. Halafu kuna depoziti, sisi walitukata 400 kwenye kadi, wakasema itarudi baada ya siku 14 mpaka 21. Hii depoziti ikumbukeni, tutarudi kwake.

Tukapewa chumba gorofa ya tatu. Kwa macho kizuri, sibishi. Shuka nyeupe, kuna birika la umeme, kwenye dari wameweka mshale wa kibla (mama alifurahi huo mshale kuliko kitu chochote, alinionyesha mara tatu), msala upo kabatini, na soketi zao ni za pini tatu za mraba kama zetu kwa hiyo usihangaike kununua adapta. Dirisha kubwa kioo kitupu kuanzia juu mpaka chini, mandhari ya mtaa, nikapiga picha nikaweka status. Ujinga.

Lile dirisha lilikuwa linaangalia magharibi. Kuanzia saa nane mchana mpaka linazama, jua lote la Dubai lilikuwa letu. Nje siku ile nyuzi 44, kioo ukikigusa kwa ndani unatoa mkono. Nikaenda kwenye kile kiboksi cha AC ukutani nikashusha mpaka 18, kikaandika 18 vizuri kabisa, chumba kikabaki vilevile. Nikashusha nikapandisha, wapi. Nikapiga simu chini, akaja fundi, Mhindi mmoja mzee mpole, akanyooshea kidole juu kwenye tundu la hewa akaniambia "sentro, madam, sentro". Yaani AC ni ya jengo zima, mashine iko juu ya paa, ile namba ukutani ni ya kukufariji tu. Na usiku jua likiondoka ileile AC iliyoshindwa mchana sasa inashinda, baridi mpaka mama akaomba blanketi la pili. Dubai! Mwezi wa saba! Mama yangu analala na mablanketi mawili na soksi. Na tundu lenyewe liko juu ya kitanda chake, asubuhi shingo imekakamaa hageuki.

Kwa hiyo kitu cha kuuliza si "kuna AC", maana AC ipo mpaka kwenye vituo vya basi pale (kweli, vituo vingi ni vijumba vya vioo vina AC ndani, mama alitaka tuhamie kimoja). Uliza, naweza kuipandisha na kuishusha mwenyewe chumbani? Na chumba kinaangalia wapi? Omba kinachoangalia kaskazini au mashariki, na pazia zito lile lisilopitisha mwanga. Mandhari achana nayo.

Tukija kwenye maji. Hili hata mimi mzoefu lilinikuta uchi kwa sababu kule Naif naoga saa nane za usiku kama popo. Mama kaingia bafuni mchana kutawadha adhuhuri, kafungua bomba la bluu, la baridi, nikasikia ukelele. Nikajua kaanguka, roho ikaruka. Nafika namkuta kashika mkono wake, "Umenifungulia maji ya chai!" Bomba la baridi linatoa maji ya moto, siyo vuguvugu, ya moto, kwa sababu matangi yako juu ya paa yanaota jua siku nzima na hata mabomba yenyewe yanapita kwenye udongo uliopata moto. Hoteli kubwa za maana zina mashine ya kupoza maji ya tangi, hizi za kwetu sisi za dirham 230 hazina.

Nikashuka risepsheni nimefura. Pale kaunta mchana alikuwepo kijana wa Mombasa, na huyo ndo kitu pekee nilichokipenda kwenye hoteli ile, kusikia tu tunaongea akaja mbele akamshika mama mkono, "Shikamoo mama, pole na safari," mama akayeyuka. Akasema, "Mama yangu, hapa kiangazi bomba zote mbili ni moto, sisi maji twayakinga usiku yakalala." Yakalala wapi sasa? Hoteli haina ndoo! Hii jamani ni kilio cha watu wetu wote, hoteli ina aina tatu za mashampuu, ina kikausha nywele, ina kipande cha chuma cha kuvalia viatu, haina ndoo na kopo. Kijana akacheka, akaenda akatuletea kile kindoo cha chuma cha kuwekea barafu, cha watu wa vinywaji, kinang'aa, kina mkono wake pembeni, akamwambia mama, "Hiki tumia, wala hakijaguswa." Basi mama akawa anakinga usiku, anafunika na sahani, alfajiri na mchana anatawadhia. Alikisafisha kile kindoo kuliko wanavyosafisha wao.

Bwawa la kuogelea lipo juu ya paa, kwenye picha linavutia. Tuliliona. Maji yake ni supu. Uliza kama wanalipoza kiangazi, wasipolipoza usihesabu kwamba hoteli ina bwawa.

Usiku wa kwanza saa nne tumeshazima taa, nasikia kitanda kinatetemeka. Nikadhani ni lifti. Kumbe chini yetu gorofa ya kwanza kuna klabu, na hoteli nyingi sana za Deira zina klabu ndani, moja mbili tatu kwenye jengo moja, ya Wahindi, ya Wafilipino, ya Waafrika, kila moja na mziki wake, mpaka saa tisa usiku. Sauti huisikii vizuri, besi ndo inapanda kwenye nguzo. Mama kaamka kuswali usiku, kasimama pale kwenye msala chini ya mshale wa kibla, glasi ya maji mezani inacheza du du du, na wimbo ulikuwa wa Bongo jamani, naujua mpaka maneno, sikujua nicheke au nilie. Alipomaliza akaniuliza, "Hawa hawana kazi kesho?" Kwa hiyo swali lingine hilo: jengo lina klabu, na chumba changu kiko gorofa ya ngapi? Kuanzia ya sita kwenda juu, au tafuta hoteli ambayo haiuzi pombe kabisa, zipo tele, na bei si tofauti.

Yote hayo ningevumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, nimelala Naif. Lililonitoa pale ni friji.

Mnajua zile hoteli ukiingia chumbani unachomeka kadi ya mlango kwenye kijimfuko ukutani ndo umeme unawaka. Ukitoka unaichomoa, kila kitu kinazima. Asubuhi ya siku ya pili nikampeleka mama sokoni, nimechomoa kadi, tumerudi saa saba. Chumba ni tanuri, hilo nililitegemea. Nikafungua friji nimpe maji, chupa zimepata joto. Mkono ukaniambia kitu kabla ya akili. Nikavuta kile kipochi cha insulini nyuma ya chupa, peni mbili mpya za akiba hazijafunguliwa, nikazishika, uvuguvugu kama zimetoka mfukoni. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8. Tumetoka saa mbili asubuhi. Masaa matano. Friji nalo lilikuwa limezima na umeme wa chumba, na hakuna mtu aliyetuambia, na mimi sikuuliza.

Mama kakaa kitandani ananiangalia usoni, ananisoma. Nikamwambia ziko sawa mama, nabadilisha tu sehemu. Aliyokuwa anaitumia wakati ule ilikuwa kwenye pochi yake na chupa ya maji baridi, hiyo haikuwa na shida, ila zile za akiba sikuthubutu kumchoma. Nikaenda duka la dawa nikanunua mpya, bei sitaki kuikumbuka, bahati nilikuwa na cheti cha daktari kutoka Dar. Hilo pia shikeni: dawa za mzee nendeni na cheti, tena dawa kali za maumivu zile za jamii ya tramadol msithubutu kubeba bila kibali, serikali ya Emirates haina mchezo na hilo.

Nikarudi kaunta nikasema tunahama. Hela ya siku mbili zilizobaki hairudi, ndo masharti. Sawa. Kijana wa Mombasa aliinamisha kichwa kama yeye ndo kafanya kosa, akanong'ona, "Dada, mtu wa sukari mtafutieni apatimenti." Na ndo tukafanya hivyo.

Sasa hapa ndo naanza kusifia. Kuna hizi wanaita hoteli apatimenti, ni hoteli kamili ina risepsheni na usafi, ila chumba kina jiko, friji kubwa la kweli kweli ambalo halizimi, na mara nyingi mashine ya kufulia. Tulipata moja upande wa pili wa maji, Bur Dubai, karibu na Al Ghubaiba, dirham 260, siku 6. Tofauti ya dirham 30! AC inajitegemea, ile ya ukutani yenye rimoti, unaweka 25 unalala kama binadamu. Hakuna klabu. Jengo la zamani, lifti inalia, kapeti ya koridoni imechakaa, sofa ina doa la kahawa lenye umbo kama ramani ya Afrika, kwenye picha isingekuvutia hata kidogo.

Na maji! Hapa bafuni kuna hita yake mwenyewe, tangi dogo jeupe juu ya mlango, na swichi nje. Mwangalizi wa jengo, Mganda, kijana wa ulinzi, akatufundisha kile ambacho wakazi wote wa pale wanakijua: kiangazi hita unaizima kabisa. Tangi la hita liko ndani kwenye AC, maji yanakaa humo yanapoa, kwa hiyo bomba jekundu ndo linatoa baridi na la bluu ndo linatoa moto. Mama alifungua akafunga mara nne ahakikishe. "Hawa watu hata maji yao yamepinda," lakini alioga nusu saa.

Jikoni mama akawa mama. Alikuwa amebeba sembe kilo mbili na dagaa kwenye sanduku bila kuniambia (dagaa! nikinusa nguo zangu mpaka leo), mchicha tukaukuta, nazi ipo, chini ya jengo kuna bakala, hivi viduka vidogo vya Wahindi, unapiga simu kijana anakuletea katoni ya maji mpaka mlangoni bila kutoka juani. Chai ya karak (ya maziwa na viungo) ya kwenye kioski dirham moja au mbili, hiyo mama aliipitisha, akasema wameiba kwetu. Kwa mgonjwa wa sukari kujipikia ni nusu ya starehe, ile bufee ya asubuhi ya hoteli ya kwanza ilikuwa keki, jemu na soseji.

Ngoja niseme kuhusu umbali, maana hapa watu wanaibiwa mchana kweupe. Hoteli inaandika "dakika 5 kutoka metro". Dakika 5 za nani? Ile ya kwanza zilikuwa dakika 5 za gari, kwa miguu ni kama mita 900, na mita 900 saa saba mchana mwezi wa saba na mwenye magoti, hiyo siyo kutembea hiyo ni adhabu. Serikali yao wenyewe inakataza mafundi kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa mchana, tarehe 15 mwezi wa sita mpaka 15 mwezi wa tisa kila mwaka. Watu waliozoea! Wewe umetoka Tanga na mwavuli. Pima mwenyewe kwenye ramani, kwa miguu, isizidi mita 300 kutoka mlango wa hoteli mpaka mlango wa stesheni, ukishaingia stesheni umepona, ni baridi mpaka kwenye treni. Hata kule Burj Khalifa kutoka stesheni mpaka ndani ya Dubai Mall unatembea kwenye daraja la vioo lenye AC, ni refu lakini lina mikanda ya kukusogeza, mama alipanda ule mkanda akawa anapungia watu mkono.

Kadi ya metro chukua ile ya rangi ya fedha, dirham 25, ndani yake 19 ni za kusafiria. Kuna behewa la wanawake na watoto, limewekewa alama ya pinki, mzee akikaa humo anapata siti. Ila kwenye treni hakuna kula, faini dirham 100, na mama alitoa kashata. Mlinzi alikuwa mita mbili. Niliimeza ile kashata nzima nzima kwa mkono wangu mwenyewe, sijui hata ilipita wapi.

Ratiba tuliyoishia nayo ni hii, naona ndo ratiba ya watu wa pale pia. Tunatoka saa moja asubuhi, saa nne tumerudi. Mchana ni kulala, kupika, kufua. Tunatoka tena baada ya magharibi mpaka saa nne tano usiku, na soko hasa ndo linachangamka saa hizo, mchana maduka mengi ya zamani kule Deira yanafunga na Ijumaa hufunguliwi mpaka watoke kuswali. Kuvuka kutoka Bur Dubai kwenda sokoni tulikuwa tunapanda abra, boti za mbao zilizo wazi, dirham moja tu, moja! Usiku kuna kaupepo kidogo juu ya maji. Mama alisema ni panton la Kigamboni lililosoma.

Siku moja kule upande wa viungo na manukato tumeingia duka la udi, mzee kavaa kanzu nyeupe, ndevu nyeupe, mimi nimeshaanza Kiarabu changu cha kuvunjika naulizia bei, yeye anamtazama mama. "Bibi, kaa kitako upoe kwanza, bei haikimbii." Kiunguja safi! Mama nusura aangushe mkoba. Kazaliwa Zanzibar, kaondoka mdogo, watu kama hao wapo Dubai na Muscat kote, unaweza ukakaa unamsengenya mtu kwa Kiswahili kumbe anakusikia. Alituletea kahawa na tende, wakaongea na mama saa nzima habari za mbaazi na mabumunda, mimi nimesimama na listi yangu ya mzigo. Udi alinipunguzia. Siyo sana.

Simu: WhatsApp ujumbe unaenda, kupiga hakuna, sauti wala video, Emirates wamezuia, kwa hiyo waambieni watoto nyumbani mapema wasidhani mmepotea, wenyeji wanatumia app ya Botim.

Kwa hiyo marks zangu. Hoteli ya kwanza nampa 4 kwenye 10, na zote 4 ni za kijana wa Mombasa. Apatimenti naipa 8 na nusu, nimetoa moja kwa lifti na nusu kwa lile doa. Nikirudi na mzee ntawaandikia kabla sijalipa, mistari mitano tu: AC naiendesha mwenyewe? Friji linabaki limewaka nikichomoa kadi? Maji ya baridi kiangazi ni ya baridi? Kuna klabu? Metro mita ngapi kwa miguu? Asiyejibu mstari wa friji simlipi.

Depoziti ilirudi baada ya siku 19. Ilirudi 340 badala ya 400. Nikawaka. Nikaandika imeili ndefu kwa Kiingereza changu chote, nikawaeleza habari za AC, besi, insulini, nikamalizia kwamba mnatukata dirham 60 za nini wakati sisi ndo tuliopaswa kulipwa. Wakajibu mstari mmoja, ndoo ya barafu, moja, haikuonekana chumbani. Nikasema hapa sasa wamenoa, nikampigia mama Tanga nimuweke shahidi kabisa, mama, si kile kindoo cha chuma tulikiacha bafuni?

Kimya kidogo. Nasikia maji yanamwagika huko aliko.

"Kile cha kutawadhia? Si yule mtoto wa Mombasa alinipa."